Honi ya Baba Kulwa

Gari la marehemu baba limepiga honi lenyewe leo mchana. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Piii. Piii.

Mara mbili, vilevile alivyopiga kila akirudi kutoka machimboni Geita.

Nikamwita fundi umeme wa hapa Nyasubi. Gari kuukuu la porini, mnajua tena. Akafungua boneti, akanionyesha nyaya zinapotoka kwenye injini kuingia ndani. Soketi imeota kutu ya kijani, nyaya mbili zinagusana. Zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Lile fundo nalijua. Ni mkono wa baba.

"Si jini hili, ni unyevu tu," fundi akacheka. Akasafisha, akafunga upya. Kimya.

Nikashusha pumzi jamani.

Kugeuka, namwona mama getini. Kumbe ile honi ilipolia alikwenda kufungua geti, na hakuondoka.

"Mmeizima?"

"Tumeitengeneza, mama."

Akaliangalia gari weee.

"Sasa Baba Kulwa akifika, nitajuaje?"

Fundi hakucheka tena.

Naandika hapa, geti bado liko wazi. Niambieni, nani wa kulifunga?