Vema Kwenye Ukurasa wa Tatu

Wiki moja ya mwezi wa tano Mwalimu Asukile alikuwa na madaftari mia moja themanini na sita ya kusahihisha, na hilo halikuwa jambo geni. Alifundisha Kiswahili Kidato cha Tatu, mikondo mitatu aliyopanda nayo tangu Kidato cha Pili, katika shule ya kata hapa Iringa mjini, na kila baada ya wiki mbili aliwaandikisha insha. Mimi nilifundisha Jiografia, tena nilikuwa mwalimu wa darasa wa mkondo wa B. Meza zetu zilitazamana ofisini kwa miaka minne. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa mengine niliyaona mwenyewe, na mengine aliniambia baadaye bila kujificha.

Alikuwa mtu wa Rungwe, mrefu, mpole, hachelewi kipindi. Mkewe, Lea, alikuwa muuguzi Mbeya, akikaa Uyole na watoto wao wawili katika nyumba waliyohamia kabla haijaisha. Asukile alikuwa ameomba uhamisho mara tatu na mara tatu akajibiwa asubiri. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kuwaona, na Jumatatu tulikuta mkungu wa ndizi chini ya meza yake, kila mwalimu akijikatia kichana chake.

Alikuwa na tabia moja tuliyomtania. Anakaa mbele ya daftari, macho yanashuka mstari kwa mstari, kalamu nyekundu inatembea, lakini ukimwita haitiki. Ukimgusa bega anashtuka na kukuuliza umesema nini. Tukawa tunaambiana, "Mwacheni, amekwenda Mbeya." Naye anacheka pamoja nasi. Hakuna aliyeona ubaya. Mwalimu gani hajawahi kusoma insha ya hamsini yenye kichwa kilekile akafika mwisho asijue imesema nini?

Yeye alinieleza hivi. Haukuwa usingizi. Maneno yalifika machoni yakaishia hapohapo. Huku nyuma, kichwani, alikuwa akipachika dirisha la chumba cha watoto, au akibishana na fundi kuhusu mlango wa jikoni unaogusa sakafu. Anafika chini ya ukurasa, anagundua hajui kilichoandikwa juu. Zamani alikuwa anarudi na kuanza upya. Madaftari yalipozidi akaacha kurudi. Alitazama mwandiko, urefu wa kazi, kama aya zimepangwa. Kosa la tahajia jicho lilijidakia lenyewe, akalizungushia duara. Halafu vema, halafu alama, halafu daftari lingine.

Katika darasa langu alikuwepo msichana anayeitwa Faustina, mtoto wa Ilula, aliyekuja kusoma mjini na kukaa kwa mama yake mdogo huku Mlandege. Mrefu kuliko wasichana wenzake wote, mkimya, mwandiko wake safi. Mwezi wa pili wanafunzi wafupi walilalamika katika kipindi cha Kiswahili kwamba anawaziba, Asukile akamhamishia dawati la nyuma. Nilipoingia kipindi changu nikamkuta huko, nami nikaona ni sawa, nikamwacha.

Kuanzia hapo alishuka. Hisabati alikuwa wa tano, akawa wa hamsini na kitu. Walimu tulisema yale tunayosema siku zote, kwamba mji umemwingia, kwamba labda kuna kijana. Shule ilipofunguliwa baada ya likizo ya mwezi wa sita, mwezi mzima hakuonekana. Niliweka alama ya utoro kwenye rejesta siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mama yake mdogo aliniambia kwa simu kwamba mtoto amerudi kwao Ilula, amekataa shule, na hasemi sababu.

Nilimwita Pendo, aliyekaa naye dawati moja, nikamuuliza. Alisimama akichezea mkono wa sweta. Mwisho akaenda darasani akarudi na daftari la Kiswahili ambalo Faustina alikuwa ameliacha kwenye droo ya dawati. Akasema nisome insha ya mwezi wa tano, ukurasa wa tatu, kisha akaomba ruhusa ya kuondoka.

Insha ilihusu faida za michezo shuleni. Ukurasa wa kwanza na wa pili zilikuwa faida zenyewe, afya, urafiki, nidhamu. Ukurasa wa tatu ulianza hivi:

"Mwalimu, samahani kwa kuandika hapa. Mimi sioni ubaoni. Tangu uliponihamishia nyuma naona chaki kama ukungu tu. Nakopi kwa Pendo, lakini Hisabati haikopiki, mwalimu anafuta kabla hatujamaliza. Naogopa kusema mbele ya darasa kwa sababu walishaanza kuniita kipofu. Nimeona bora nikuambie wewe kwa sababu wewe unasoma kazi zetu zote. Naomba unirudishe mbele, hata nikikaa chini kwenye sakafu. Ukikubali, niandikie hapa."

Baada ya hapo aliendelea na faida ya nne ya michezo, na hitimisho. Pembeni mwa aya ile kulikuwa na vema kubwa nyekundu na maneno mawili, "Aya nzuri." Chini kabisa alama kumi na tatu juu ya ishirini, na "Ongeza bidii."

Nilikaa nalo mpaka saa ya chai. Asukile alipoingia nikalifungua ukurasa ule nikalisukuma upande wake wa meza. Alisoma. Nilimwona akisoma kweli, midomo ikitembea kidogo. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akaweka kidole juu ya ile vema.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ni yako."

"Bertha, sikumbuki hata neno moja hapa. Hata moja."

Hakunywa chai. Aliniomba anwani ya kwao, nikamwambia Jumamosi twende wote, kwani na mimi rejesta yangu ilikuwa na alama za utoro mwezi mzima.

Kesho yake, kabla ya safari hiyo, alifanya jambo ambalo wenzetu ofisini hawakulipenda. Aliingia mkondo wa A, wa B na wa C, akawaambia kwamba baadhi ya insha zao alikuwa ameziwekea alama bila kuzisoma sawasawa, na kwamba yeyote anayetaka yake isomwe upya aje nayo. Jina la msichana hakulitaja. Madaftari kumi na moja yakaletwa. La Jailos, mlinda mlango wa timu ya shule, lilikuwa na orodha ya wachezaji kumi na mmoja katikati ya insha ya utunzaji wa mazingira, na wa akiba, na vema mbele ya jina la kila mchezaji. Jailos alisema waliwekeana dau na wenzake tangu mwaka jana kama mwalimu atagundua. Mwalimu wa taaluma alimwambia Asukile kwamba amejivua nguo mbele ya watoto. Asukile akajibu kwamba watoto walikuwa wameshamwona uchi tangu mwaka jana.

Jumamosi tulishuka Ilula kama saa nne, jua limetoka lakini upepo wa mwezi wa saba bado una meno. Mama yake Faustina, Yusta, tulimkuta kando ya barabara kuu pamoja na wauzaji wenzake, ndoo za nyanya zimepangwa mbele yake na vitunguu vimefungwa mafungumafungu. Tulimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene," akaitikia vizuri, akatuvutia ndoo mbili tupu, akazipindua tukakalia. Faustina alikuwa nyuma yake akichambua nyanya, zilizoiva upande huu, zenye ubichi upande ule. Alisimama akatuamkia, kisha akabaki amesimama vilevile, nyanya mkononi.

Nilikuwa nimejiandaa kuanza mimi, kama mwalimu wa darasa. Asukile akanitangulia.

"Faustina, yale uliyoniandikia nimeyasoma Jumatano hii."

"Uliyasoma mwezi wa tano, mwalimu," akasema taratibu. "Uliweka vema."

"Niliweka vema bila kusoma. Macho yangu yalipita juu yake, mimi mwenyewe sikuwepo."

Basi lilisimama mbele yetu, abiria wakafungua madirisha, Yusta akainuka kuuza. Faustina hakuenda kumsaidia. Alikuwa anamtazama Asukile akiwa amekunja macho, ule mkunjo ambao darasani nilikuwa nauchukulia kuwa ni kiburi.

"Kwa hiyo hukukataa?" akauliza.

"Sikukataa. Sikujua."

Aliweka ile nyanya upande wa zilizoiva. Akakaa chini, akavuta kanga usoni, akalia bila sauti. Basi liliondoka, Yusta akarudi akakuta mambo yako hivyo, akataka kuambiwa. Nikamweleza, maana Asukile alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo tulipojua kwamba hata yeye mama hakuwa na habari ya macho. Alichoambiwa ni kwamba shule imemshinda mtoto, naye akasema basi, kazi ipo.

Aliposikia yote alirudi kwenye ndoo zake. Akasema yeye aliishia darasa la nne, na siku zote akiona wino mwekundu kwenye daftari la mwanawe alifurahi, akijua kuna mtu mzima mwenye elimu amekaa na kazi ya mtoto wake akaisoma. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akipanga upya ndoo. Asukile akamwambia kwamba gharama za macho atazibeba yeye.

"Hapana, mwalimu," Yusta akasema. "Miwani nitamnunulia mimi. Wewe kazi yako ni kusoma."

Katika safari ya kurudi Asukile alinigeukia tulipoanza kuuona mji. Aliniambia alikuwa anatafuta siku ambayo aliweka ile vema, alikuwa amekwenda wapi kichwani, kama ilikuwa dirisha au mlango wa jikoni, na kwamba hilo nalo hakulikumbuka.

Faustina alirudi shuleni baada ya wiki moja. Mama yake alimpeleka kwanza hospitali ya mkoa, wakampima, akaonekana macho yake yanaona karibu tu. Miwani ilitengenezwa katika duka la Rahul pale mjini, akaivaa Jumatatu. Nilimweka dawati la mbele, ubavuni, karibu na ukuta, asimzibe mtu. Siku za kwanza walimcheka kidogo, kisha wakazoea. Hisabati haikurudi haraka. Mtihani wa mwisho wa mwaka alikuwa wa ishirini na nane, na mwalimu wake akasema miezi minne ya ukungu haifidiwi kwa muhula mmoja.

Asukile naye alibadilisha kazi yake. Alipunguza insha kutoka mbili kwa mwezi hadi moja, ili kila moja aisome. Hakubeba tena rundo zima. Alichukua madaftari kumi, akayamaliza, akatoka nje kuzunguka uwanja, akarudi na mengine kumi. Akasahihisha kwa kusimama, daftari juu ya kabati, maana alisema akikaa tu anaondoka. Na hakuandika tena "Aya nzuri." Chini ya kila insha aliandika swali moja kuhusu jambo ambalo mwanafunzi mwenyewe alikuwa amelisema, swali ambalo huwezi kuliuliza kama hukusoma. Alama zake zikawa zinachelewa kuingia. Mkuu wa shule alimwita mara mbili kwa ajili hiyo, na mara ya pili alimpa barua. Aliipokea, akaiweka kwenye droo, akaendelea vilevile.

Sisemi kwamba alipona. Nilikuwa bado namwona amesimama pale kabatini, kalamu imetulia, macho yamekwama, na nilijua yuko Uyole. Tofauti ni kwamba alikuwa anajikamata. Anakung'uta kichwa, anarudisha kidole juu ya ukurasa, anatafuta sentensi ya mwisho anayoikumbuka, na anaanzia hapo. Siku moja nilimhesabia, ukurasa mmoja ulimchukua safari nne.

Faustina hakumzoea upesi. Salamu alimpa, maswali alijibu, lakini insha zake zikawa fupi na kavu, faida tano, hasara tano, mwisho. Asukile aliuliza swali lake chini ya kila moja kama kwa wengine wote, naye hakujibu. Miezi ikapita hivyo.

Walipokuwa Kidato cha Nne, mwezi wa tatu, aliwaandikisha insha kuhusu soko. Faustina aliandika kurasa tano. Aliandika kuhusu mama yake na wenzake pale barabarani, jinsi wanavyojua basi litasimama au litapita kwa kusikia mlio wake tu likiwa bado kwenye kona, na jinsi yeye, kwa miwani, aligundua kwa mara ya kwanza kwamba abiria wa madirishani wana nyuso. Asukile alinisomea sehemu hiyo kwa sauti. Chini aliandika swali: kwa nini mama yako anachukia mabasi?

Daftari lilirudi siku mbili baadaye bila kuitwa. Chini ya swali Faustina alikuwa ameandika kwa mwandiko wake safi: "Mwalimu, sikusema anayachukia. Soma tena ukurasa wa pili."

Asukile alifungua ukurasa wa pili, akausoma amesimama. Akaniambia msichana yuko sahihi, pale imeandikwa mama huyaogopa. Akalikata swali lake kwa mstari mmoja, akaandika jingine.