Mbwa Aliyezuia Wanawake Getini

Mwanamume akitoka getini, yule mbwa anapiga miayo tu.

Mwanamke akibeba mkoba kuelekea geti lilelile, mbwa anainuka, anamzunguka, anasimama mbele yake na kutoa meno.

Habweki. Hang'ati. Anazuia.

Doreen anafundisha mbwa Karatu, kwenye uwanja wake pembeni ya barabara ya kwenda Oldeani. Mbwa wa walinzi, mbwa wa wenye loji, wote wamepita mikononi mwake. Kitu kama hiki hakuwahi kukiona.

Mbwa aliitwa Komando, mbwa mkubwa wa miaka mitano. Aliletwa na Remigius, mwenye shamba la kahawa huko Oldeani. Mstaarabu, anaongea kwa upole mpaka inabidi umsogelee ndiyo umsikie. Alitaka Komando ashiriki mashindano ya utii na kuruka viunzi. Aache kufukuza kuku, aje akiitwa, basi.

La geti hakulitaja.

Kwenye viunzi Komando alikuwa moto. Handaki la turubai aliingia bila kusita. Kuku akawasahau kabisa. Likabaki geti.

Doreen alimpigia Remigius kumuuliza. Akajibiwa kwamba mbwa ndivyo alivyo, amwache hivyohivyo.

Hakumwacha. Mbwa anayetolea wanawake meno humpeleki mbele za watu. Kila asubuhi Doreen alibeba mkoba, akasogea kidogo kuelekea getini, akasema "kaa". Komando akikaa, anapata kipande cha nyama. Akija kuzuia, wanaanza upya.

Kadiri alivyorudia, ndivyo alivyoanza kuelewa. Mbwa hazaliwi na jambo kama lile. Kuna mtu alimfundisha, kwa subira kama yake. Na ili amfundishe, alihitaji mwanamke wa kumfanyia mazoezi.

Wiki zikapita, Komando akaacha.

Siku ya mashindano Remigius alikuja na mkewe, Antonia. Jua linachoma, mama wa watu kavaa sweta la mikono mirefu. Alinyoosha mkono kuchukua mkoba wake garini, akamwona Komando, akaurudisha kwenye kiti.

Doreen akajua mwanamke wa mazoezi alikuwa nani.

Komando alishika nafasi ya pili. Remigius alipokwenda kupiga picha na waandaaji, Doreen akasimama karibu na Antonia, macho uwanjani, kama anamsifia mbwa.

"Dada, ile ya geti nimemwachisha. Ukimwambia 'kaa', anakaa. Hata ukiwa na mkoba."

Antonia alivuta mikono ya sweta ikafunika viganja.

Haikupita wiki, Remigius akapiga simu. Aliuliza, taratibu tu, amemfanya nini mbwa wake. Doreen akasema amemfundisha utii. Simu ikakatwa.

Hapo ndipo alipojua Antonia ameondoka. Baadaye alisikia amefika kwao Singida, mzima.

Komando hakuwa na bahati hiyo. Vibarua wa shambani walisema alipigwa risasi siku ileile Antonia alipoondoka, palepale kwenye geti la nyumbani. Doreen alilia kama amefiwa.

Masika yalipoisha, gari la Remigius likasimama tena uwanjani. Akashuka na mtoto wa mbwa kifuani. Ndani ya gari alibaki binti mmoja, dirisha wazi, pete mpya kidoleni.

"Huyu tuanze naye mapema," Remigius alisema. "Yule mkubwa aliharibika."

Doreen alikuwa peke yake pale. Angeweza kusema nafasi zimejaa, yakaisha.

Akapaza sauti ili ifike dirishani.

"Komando ulimfundisha kumzuia mkeo asitoke nyumbani. Huyu sikufundishii."

Remigius hata hakukasirika. Alimkuna mtoto wa mbwa shingoni, akamwambia achunge maneno yake, Karatu ni ndogo.

Nyuma yake mlango wa gari ukafunguka. Binti akashuka, akaanza kutembea kuelekea lami. Remigius akamwita. Hakugeuka.

Doreen akamfuata, akatembea nyuma yake, katikati ya binti na lile gari, mpaka walipopata bodaboda. Hakuthubutu kuangalia nyuma hata mara moja.

Ndugu yangu, ukikuta mnyama ana tabia inayokutia wasiwasi, usiishie kumrekebisha. Uliza ni nani aliyemfundisha. Kisha uliza alimfundisha ili amzuie nani.