Kiingereza cha Jamvi la Karafuu

Kabla ya vita vikuu vya pili mimi nilikuwa Mpemba anayeogopa kupanda mkarafuu. Nikifika tawi la tatu, nateremka. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka kunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Msimu ukiingia wao hupanda, mimi hukaa jamvini na wanawake kuchambua, kuzitenga karafuu na vikonyo vyake. Ndiyo maana niliutaka ukarani wa serikali pale Wete kwa roho yangu yote. Mtihani wa kwanza nilianguka; wa pili ndio uliokuwa nafasi yangu ya mwisho.

Vilivyoniangusha ni vijineno vya Kiingereza. "Look" ni kutazama, sawa. Ukilifuatisha na "for" linakuwa kutafuta, na "after" linakuwa kulea, na "down on" linakuwa kudharau! Sisi tukitaka kulibadili neno, tunalinyumbua lenyewe: tafuta, tafutia, tafutana. Wao wanalitundikia vikorokoro. Nilikasirika hata nikakitupa kitabu uani.

Mke wangu, aliyekuwa akisomesha Kurani watoto wa kike, ndiye aliyekiokota. Kiingereza hakukijua hata neno. "Bwana, weye wataka ufahamu kwanza," akaniambia. "Hifadhi. Kufahamu kutakuja."

Basi tukahifadhi kama watoto wa chuo cha Kurani, tukiyumba huku tunachambua. Mimi nasoma, yeye anaitikia, na kila kikonyo kinachokatika kina neno lake: "Give, kupa. Give back, kurudisha. Give up, kukata tamaa." Haukupita muda jamvi zima likawa linaitikia, na vicheko juu.

Siku ya mtihani Mwingereza mkubwa wa afisi akaniuliza maneno yale yale. Nimeweka mikono magotini kwa adabu, kichwa kitupu. Nikauona mkarafuu unaniita. Mara vidole vikaanza vyenyewe kuchambua hewa, mwili ukayumba, maneno yakamiminika bila kituo, hata nikamalizia "Amin" na kupangusa uso kwa viganja. Mzungu alibaki kinywa wazi. Kisha akacheka mpaka akavua miwani, akanipa kazi.

Nilirudi nyumbani mbio. Mke wangu alipiga vigelegele, kisha akataka kujua nimeulizwa nini. Nilipomtajia, akaitoa orodha nzima papo hapo, pamoja na maneno mawili niliyoyaruka. Furaha yangu ikaingiwa na haya.

"Kazi hii ilikuwa yako," nikamwambia.

"Najua," akasema, na mikono yake haikuacha kuchambua.