Loisi wa Korongoni na Saa Yake ya Alfajiri

Alizaliwa mwaka 1954 katika kitongoji kimoja mashariki ya Ihumwa, mwaka ambao wazee wanaukumbuka kuwa ulikuwa wa njaa, ingawa Ugogoni mtu akitaka kusifiwa kwa kumbukumbu na ataje mwaka wa shibe. Baba yake, mzee Nathanaeli, alikuwa na ng'ombe tisa na mabinti saba, na kila jioni alihesabu ng'ombe. Loisi alikuwa binti wa tano. Alibatizwa akiwa mchanga, akasoma hadi darasa la nne, kisha akatolewa shule mama yake alipopofuka, kwa kuwa nyumba ilihitaji mtu wa kuona.

Wito wake haukuja kwa radi wala kwa ndoto. Ulikuja kwa kutumwa maji. Kule kwao maji ya kiangazi hayatekwi, yanafukuliwa: korongo likikauka watu huchimba mchanga mpaka maji yajikusanye chini polepole, kata kwa kata. Anayefika wa kwanza hukuta maji maangavu yaliyojikusanya usiku kucha. Anayefika saa tatu hukuta tope na matusi. Akiwa na miaka kumi na miwili Loisi alifika wa kwanza. Baridi ilikuwa kali, upepo umetulia, na nyota ya asubuhi ilikuwa imelala ndani ya kisima. Alitaka kuomba kitu, akaona haya. “Saa ile Mungu alikuwa hajasumbuliwa na mtu,” alisema miaka mingi baadaye. “Nikaona nimsalimie tu, nimwache apumzike.”

Mwaka 1973 aliolewa na Jordan, kibarua wa reli, mtu mwema mwenye kukoroma kama treni ya mizigo, akamzalia watoto sita. Tangu jua kuchomoza mpaka taa kuzimwa Loisi aliitwa na wote: mama, iko wapi hii, mama, iko wapi ile. Alfajiri peke yake haikumwita. Kwa hiyo kila kiangazi, kwa zaidi ya miaka arobaini, aliamka saa kumi na nusu, akajifunga shuka, akafagia uwanja wa kanisa kuanzia mlangoni hadi barabarani, kisha akashuka korongoni. Maji yakiwa yanajikusanya, yeye alibangua karanga, na mikono ikafanya kazi bila kumsumbua. Akishajaza madumu yake alizungushia kisima matawi ya miiba, punda na mbuzi wasiingie. Jua lilipotoka, uji wa uwele ulikuwa jikoni na uso wake umeshakula. Jordan alipofariki, na watoto walipohamia mjini, Ipagala na kwingineko, hakubadilisha kitu.

Mtu mmoja tu aliijua furaha hiyo, naye hakuwa wa kanisa. Zaitun, Mrangi aliyeolewa kutoka Kondoa, alishuka korongoni kila siku baada ya swala ya alfajiri. Walisalimiana, wakakaa, wakanyamaza. Wanawake wawili kukaa pamoja wakanyamaza ni jambo ambalo peke yake lingetosha kuitwa muujiza.

Jaribu lake lilianza Januari 2022. Mvua iligoma. Kila jioni mawingu yalijaa hadi watu wakatega ndoo, na kila asubuhi mbingu zilikuwa tupu kama chungu kilicholambwa. Ndipo jirani yake Generosa, aliyetoka nje alfajiri kwa sababu ya tumbo, akamwona Loisi akifagia, vumbi likipanda juu. Kufika saa nne kitongoji kizima kilikuwa na jibu: mama huyu anafagia mawingu. Kwa nini mwanamke mzima aamke gizani kama hana la kuficha? Na mbona anarudi akitabasamu wakati wenzake wanalia njaa? Wazee wa kanisa walikuja nyumbani kwake, wakiongozwa na mwinjilisti Sila.

“Mama Loisi, hatusemi wewe ni mchawi,” Sila alisema. “Kanisa haliamini mambo ya kufunga mvua.”

“Kama haliamini, mbona mmekuja saba?”

“Tunakuomba tu usitoke nje kabla ya jua. Kwa usalama wako. Unajua watu.”

Loisi aliwajua. Mwaka uliopita, kijiji cha pili, bibi mmoja aliunguziwa nyumba kwa shtaka hilo hilo. Aliwaza kwenda kwa wanawe mjini, akakumbuka kwamba kule maji yako bombani na alfajiri ina honi. Akatii. Wazee wakauchukua ufagio wake. Na kanisa ambalo haliamini likauchoma.

Siku ya tisa mvua ikanyesha.

Hilo ndilo lililokuwa kali kuliko shtaka lenyewe, maana sasa ushahidi ulikuwa unatiririka kwenye mifereji. Zaitun alisimama kisimani akawauliza wanawake wenzake, “Imenyesha mpaka Msalato, imenyesha mpaka Kondoa. Huko nani kachomewa ufagio?” Loisi alikaa ndani akisikiliza jogoo, macho wazi, miguu ikianza kuvimba kwa kukosa njia yake. Hakulalamika kwa mtu. Ila hakumsalimia tena Mungu alfajiri, kwa kuwa, alivyosema, mtu hasalimii kupitia mlango uliofungwa.

Kiangazi kikarudi. Kumbe watu, hata Zaitun aliyezoea kuondoka kwanza, walidhani miiba hukaa kisimani yenyewe. Bila Loisi punda waliingia, mbuzi wakafanya yao, na kila mwanamke akaona kusafisha ni zamu ya mwenzake. Mwezi wa nane watoto wakaanza kuharisha. Jenifa, mjukuu wa Generosa, mwenye miaka minne, alipelekwa mjini amebebwa mgongoni, akarudishwa amefunikwa. Wiki mbili baada ya maziko Generosa akapiga hodi kwa Loisi.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Kaa.”

“Wazee wamesema sasa unaweza kuamka.”

“Mimi nimekuwa nikiamka, Generosa. Mlango ndio uliolala.”

Generosa akakaa. “Ile miiba ulikuwa unaweka wewe?”

“Nani mwingine?”

“Hukusema.”

“Hamkuniuliza miiba. Mliniuliza mawingu.”

Hakumtukana, wala hakumkumbatia. Alimpa uji, akamwangalia mpaka akaumaliza. Kesho yake akashuka korongoni, akachota uchafu wote kwa mikono. Lakini sasa wanawake walimfuata na tochi za simu, huyu akitaka aombewe mtihani wa mwanawe, yule mume arudi. Loisi alirudishiwa kazi; saa yake hakurudishiwa.

Alifariki tarehe 3 Novemba mwaka huohuo. Asubuhi hiyo upepo wa vumbi uliwaweka watu ndani, wakafika yeye na Zaitun peke yao. “Wamekuja?” aliuliza. Zaitun akasema, “Bado.” Loisi akasema, “Basi tukae kidogo.” Zaitun alipomaliza kujaza dumu la pili, mwenzake alikuwa ameondoka, karanga mkononi.

Yanasimuliwa maajabu. Inasemwa maji hayakuchafuka siku tatu. Mwinjilisti Sila anashuhudia kwamba aliona nuru juu ya korongo saa kumi na moja alfajiri, na waumini wanaojua saa anayoamka Sila wanaliheshimu ajabu hilo kuliko yote. Kila Novemba kuna ibada ya kumkumbuka, nayo huanza saa nne, ili watu wapate usingizi. Mwaka jana Sila aliuliza nani yuko tayari kutunza kisima kwa heshima ya mtakatifu wetu. Kanisa zima likageuka kumtazama Zaitun, aliyekaa nje kivulini kama mgeni.

“Mimi naweka miiba tangu siku aliyofariki,” alisema. “Nawaulizia ninyi.”

Mfano wa Loisi hauna ugumu, na kila mwamini anaweza kuufuata. Hautaki sadaka wala safari. Unataka mtu aamke kabla ya wenzake, afanye kilicho mbele yake, asiombe kitu, wala asimshuku jirani aliyemtangulia. Kitongoji kizima kimeupokea mfano huo kwa moyo wote, kikiwa chini ya blanketi.