Ugonjwa Uliovuka Mpaka Bila Jina

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa uso unaniwaka, ingawa wote waliokuwepo wameshatangulia na nimebaki peke yangu wa kuisimulia. Sikukusudia kuiandika. Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno niliyoyasikia wiki tuliyomzika babu yako hapa Nyakoe. Vijana walikaa karibu na turubai wakibishana. Mmoja alisema tungempeleka ng'ambo ya mpaka angepona, maana huko ndiko kuna madaktari wa kweli. Mwingine akasema huko wanakamua tu, mtu anauza shamba halafu anarudi ndani ya sanduku. Walibishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeniuliza. Lakini nilitibiwa ng'ambo ya mpaka kabla baba zao hawajazaliwa. Uzuri wa huko ninaujua, na gharama yake ninaijua.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini, wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Babu yako alikuwa ameandikwa kazi ya kukamua ng'ombe kwa mzungu mmoja kule Nyansiongo, akija nyumbani kwa nadra. Mimba yangu ya kwanza ilinishinda. Uchungu ulikaa mwilini hadi nikapoteza fahamu, na mtoto alitoka akiwa amekufa. Mimi nilibaki hai, ila sikubaki mzima. Tangu hapo mkojo ulinitoka wenyewe, nikiwa nimelala au nimesimama, wala sikuwa na namna ya kuuzuia. Naandika wazi kwa sababu umri wangu sasa unaniruhusu.

Mama mkwe wangu alijua. Alinichania shuka zake kuukuu, na kila aliyeuliza alimwambia naumwa tumbo. Kanisani siku ya Sabato nilianza kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Baadaye nikaacha kwenda. Nilikuwa najiuliza babu yako atavumilia mpaka lini kabla ya kuoa mwingine, na kama akioa, mimi nitarudi kwa mama yangu na harufu hii nikamwambie nini.

Utauliza, hospitali ya Kisii mjini haikuwepo? Ilikuwepo, na kutoka kwetu ulifika kwa miguu kabla jua halijawa kali. Hatukwenda. Dresa mmoja pale, yaani msaidizi wa daktari, alikuwa kijana wa kijiji chetu, na mama mkwe akasema, "Ukimwambia huyo, umelitangazia soko zima la Nyakoe." Labda tulimwonea, maana hatukumjaribu. Ila tazama ilivyokuwa: hatukuvuka mpaka kwa sababu dawa ya nyumbani ilikuwa imetushinda. Tulivuka ili tusionekane. Nadhani hata leo wako wengi wanaosafiri hivyo.

Baba mkwe wangu alikuwa amefanya kazi Tanganyika ujana wake, kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na Kiswahili na kikohozi. Alikuwa amesikia kuna hospitali ya misheni kule karibu na ziwa, yenye daktari anayetibu wanawake. Akauza fahali. Mama mkwe mguu wake haukumruhusu safari ndefu, na mzungu hakumpa mume wangu ruhusa, basi ikakubaliwa kwamba mzee ndiye atakayenipeleka.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu Wakisii hasa. Huenda wewe hujui uzito wa chinsoni, ile heshima yetu yenye aibu ndani yake. Siku zile baba mkwe hakukanyaga nyumba ya mke wa mwanawe. Hamkushikana mikono. Neno la mwili, la kuzaa, la choo, halikupita kati yenu hata kwa bahati mbaya, na likipita ni jambo la kutakaswa. Na mtu huyohuyo ndiye tuliyemchagua awe mdomo wangu mbele ya daktari. Tuliangalia nani anaijua njia na nani anakijua Kiswahili. Hatukuangalia nani anaweza kuambiwa.

Tulipanda lori la mahindi. Mzee alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia, nikishukuru upepo. Tukapita nchi ya Wakuria, tukavuka mpaka, na kufika kule tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Sitasema uongo, hospitali ile ilikuwa nzuri. Sakafu ilioshwa kila asubuhi kwa dawa kali iliyotoa machozi. Hawakudai pesa mlangoni. Walichukua kidogo cha kuandikishwa, nyingine ukaambiwa utalipa ukiondoka. Daktari alikuwa mzungu mzee, mrefu, na alinisalimia kabla ya kunigusa. Kando yake alisimama dresa, kijana wa hukohuko mwenye Kiswahili cha taratibu.

"Daktari anauliza, bibi ana shida gani?"

Mzee akatazama dari. "Wanauliza unaumwa wapi," akaniambia kwa Kikisii.

"Tumbo, Tata," nikajibu, ndiyo kusema baba kwa kwetu.

"Anasema tumbo."

Daktari akaongea kwa muda. Dresa akageuza: "Anauliza kama amewahi kuzaa, na kama haja ndogo inatoka sawasawa."

Mwanangu, mimi nilikuwa nimesoma miaka miwili shule ya misheni. Kiswahili cha kujibu sikuwa nacho, lakini maneno yale niliyaelewa. Niliona shingo ya mzee ikikakamaa. Alikohoa, akakohoa tena, kisha akanigeukia nusu tu na kusema, "Wanauliza kama unakula vizuri."

"Nakula vizuri, Tata."

"Anasema anakula vizuri."

Basi tukawa watu wawili waliosikia swali, na wote wawili tukajifanya hatukulisikia. Daktari alitaka kunipima. Mzee alikuwa hapo nje ya mlango usio na pazia, nami nikaishika nguo yangu kwa mikono miwili na kulia. Daktari akaniangalia kama mtu anayejua jambo na hawezi kulitoa kwa nguvu. Akaandika dawa. Nilipewa chupa ya dawa ya minyoo.

Niliinywa yote. Dawa ilikuwa ya bei rahisi. Kilichotula ni kukaa. Hospitali haikulisha wagonjwa. Kila mtu alipikiwa na watu wake kwenye banda la nyuma, na unga wa pale sokoni uliuzwa bei nyingine kwa mgeni. Kuni za kununua, sufuria ya kukodi, hata chumvi. Mzee alikuwa akila mara moja kwa siku na kusema ameshiba. Alipoona pesa ya fahali wake inakwisha na mimi nimekonda zaidi, aliniambia kwa kuutazama ukuta kwamba kesho tutatafuta lori la kurudi.

Nikaenda kufua, nikiwa nimeshajua kwamba fahali wa pili hatakuwepo. Pale kwenye mawe ya kufulia alikuwepo mama mmoja Mjaluo, Mama Akinyi, aliyekuwa anamwuguza binti yake. Alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa, na alikuwa amewahi kuuza samaki Kisii mjini kwa miaka, hivyo Kikisii alikijua pamoja na matusi yake. Alizitazama shuka zangu zilizochanwa, akanitazama mimi.

"Wewe una nini?"

"Minyoo."

"Minyoo gani hiyo inayolowesha nguo?"

Nikainamia nguo zangu.

"Nyinyi Wakisii mna ajabu. Mmelipa nauli mpaka huku, mmelala na mbu wetu, mkifika mnaficha mzigo mlioubeba. Ningekuwa mimi ningebaki kwetu nikafiche bure."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamwambia kila kitu. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakushtuka. Alisema amewaona watatu wa aina yangu wakitoka pale wakiwa wakavu. Akakamua nguo zake, akazitupia begani, akaenda moja kwa moja hadi alipokaa baba mkwe wangu.

"Jaduong'," akamwambia, ndiyo kusema mzee kwa kwao, "huyu mtoto umemleta kutibiwa au umemleta kumziba mdomo?"

Nilitamani kutoroka. Mwanamke wa kabila lingine kumsemesha mzee wa mji hivyo, kwetu angelipa mbuzi.

"Nilijua," mzee akasema. "Nimesafiri na mtoto huyu, ningekosaje kujua? Lakini mimi ni baba yake kwa ndoa. Yako maneno ambayo mdomo wangu hauwezi." Akainuka. "Ila miguu yangu inaweza kutoka nje. Nenda naye wewe. Uwe mama yake hapa. Mimi nitakaa getini, na nikiwa getini sisikii kitu."

Akaenda kweli hadi getini, akakaa chini na kutugeuzia mgongo.

Siku ileile nilirudi kwa daktari. Mama Akinyi aliomba shuka, akaitundika mlangoni. Alisema yote kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya samaki, na dresa akageuza hukohuko nje ya shuka. Daktari hakunikaripia. Aliuliza swali moja tu, kwamba kwa nini hatukusema mwanzo. Mama Akinyi alijibu kwa niaba yangu: "Alikuwa amekuja na heshima nyingi sana." Sijui dresa aliigeuza vipi, ila nilimsikia daktari akicheka kidogo.

Walinipasua na kunishona. Nililala muda mrefu na mpira wa kutolea mkojo mwilini, nikikatazwa kugeuka. Pesa ikawa imekwisha kabla ya mimi kuinuka. Mzee akaenda kuzungumza na wakubwa wa hospitali, wakakubali alipe kwa kazi. Walimpa ya kuchota maji ya jikoni. Hebu fikiri: mzee wa Kisii, mwenye wake wawili na boma la ng'ombe, anapanda kutoka ziwani na debe, asubuhi mpaka saa ya chakula, na kikohozi chake. Wanawake wa pale walimcheka. "Mzee wa Kisii ameolewa huku," walisema. Yeye akawajibu bila kusimama, "Nimeolewa, na mahari bado hamjaleta." Mama Akinyi alinisimulia, nami nikaambiwa nisicheke kwa sababu ya mshono.

Asubuhi moja niliamka na shuka ikiwa kavu. Nikaipapasa, nikaipapasa tena. Nilitaka kumwita mzee nimwambie, na sikuweza, nikamwambia Mama Akinyi, naye akaenda mpaka njia ya ziwani kumwambia neno moja tu: amepona. Alisema mzee aliweka debe chini, akajifuta uso, akalibeba tena. Hakuniuliza lolote kamwe, mpaka alipokufa. Mama yako ni mtoto wangu wa tatu baada ya safari ile.

Sasa nije kwa wale vijana na ubishi wao. Je, hospitali ya ng'ambo ilikuwa bora kuliko ya kwetu? Sijui, mwanangu. Ya kwetu sikuwahi kuiambia ukweli, hivyo sina haki ya kuilinganisha. Ninachojua ni kwamba daktari yuleyule, chumba kilekile, mara ya kwanza alinipa dawa ya minyoo na mara ya pili akanirudishia maisha. Kilichobadilika ni sisi.

Na babu yako? Watu wanasema hatukumpeleka mbali. Mimi nililala naye nyumba moja miaka yote hiyo, na nitakuambia lililo kweli. Alisema ni mgongo. Hapa alisema mgongo, mjini alisema mgongo. Mimi nilimwuliza, akanikasirikia. Ilipokuja kujulikana kwamba ilikuwa haja ndogo iliyomtesa, ule ugonjwa wa wanaume wazee, na kwamba alikuwa ameificha muda mrefu, daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema tumechelewa. Tungempeleka ng'ambo, mgongo ungevuka mpaka pamoja naye. Hilo ndilo ninalolia nalo, zaidi ya kifo chenyewe, maana sote tutakufa.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Ukitaka kumpeleka mtu wako nchi ya jirani kutibiwa, usiulize bei ya daktari peke yake. Uliza bei ya unga huko, na ya malazi, na nani atabaki na watoto. Anza na hospitali iliyo karibu, hata kama anayekuandika ni mtoto wa jirani. Aibu ya jirani hupita. Umchague wa kumsindikiza mgonjwa kwa jambo hili: kwamba mgonjwa anaweza kumwambia. Kama wewe ndiye usiyeweza kuambiwa, toka nje kwa heshima, umtafute mwingine, hata mgeni. Na wewe mwenyewe ukiulizwa unaumwa wapi, sema pale panapouma.

Mungu akupe mwili mzima, mwanangu, na ukiugua akupe watu wa kukaa nao. Safari zenu zote, za karibu na za mbali, mwende kwa amani, na mrudi idadi ileile mliyoondoka nayo.