Udongo Kwenye Kikaango cha Karanga

Kwa miaka kumi na mmoja, pale bondeni nje kidogo ya Bariadi, hakuna aliyebishana na kiganja cha Nyanjige. Aliinama, akachota udongo, akaufinya, akafungua mkono. Ukibaki donge alisema, "Bado." Ukimomonyoka alisema, "Washeni mashine ya maji." Mwanamke huyu, mzaliwa wa Ipililo, aliishia darasa la nne. Mume alimfia mapema, akasomesha watoto watatu kwa nyanya tu. Kikundi cha wakulima wa bonde kikampa usimamizi wa zamu za maji, na kiganja chake ndicho kilichotunga sheria: kila shamba linyweshwe, kisha lingoje siku nane. Atakayechota katikati ni mwizi wa maji.

Mwizi alipatikana mmoja tu, naye alikuwa Milembe, wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mwaka jana Nyanjige alimkuta siku ya tano, ndoo mkononi, ananywesha miche. Akamnyang'anya ndoo mbele ya watu. Nyanya zikanyauka zote. Mkutanoni Nyanjige akasimama, akasema, "Udongo wetu mmoja, maji yetu mamoja. Nyanya za wifi hazikufa kwa kiu, zimekufa kwa usingizi." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo mawifi hao wakawa wanasalimiana kwa kidevu.

Msimu huu nyanya za Milembe zilianza tena kulegea, na ndiyo kwanza zimetoa maua. Alhamisi kikundi kingekaa, shamba apokonywe, apewe Magese, mwanakikundi mwenzao. Kwa hiyo alipofika Constantine, kijana wa umwagiliaji, kupima udongo unashika maji kiasi gani, Nyanjige mwenyewe ndiye aliyechagua pa kupima: kona ya shamba lake na kona ya shamba la Milembe.

"Pima haya mawili," alisema, "watu waache kunong'ona kwamba namwonea wifi."

Constantine alimwaga ndoo kwa ndoo kwenye kona zote mbili mpaka ardhi ikashiba, akafunika kwa nailoni jua lisiibe. Akasema wangoje siku mbili, maji yaliyozidi yashuke, yabaki yale tu ambayo udongo unaweza kuyabeba.

Jumatano asubuhi akarudi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Nyanjige kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, baba. Fanya upesi, kazi zinaningoja."

"Naomba jiko la mkaa na kikaango."

"Hujanywa chai?"

"Nimekunywa, mayu. Nataka kukaanga udongo."

Nyanjige alimtazama kama mtu aliyepotewa na akili. Kikaango kilikuwa kimoja, cha karanga. Akakileta huku anaguna. Magese, ambaye hakosi neno, akauliza kama mboga hiyo itatiwa chumvi.

Constantine alizamisha keekee, chuma kirefu cha kuzungusha kwa mikono, kwenye kona ya Nyanjige. Udongo ulitoka mweusi juu, mweusi mpaka chini. Akapima gramu mia tano, akazikaanga taratibu huku anakoroga kwa mwiko, mpaka mvuke ukaisha. Akapima tena. Mia tatu sabini.

"Gramu mia moja na thelathini zilikuwa maji," alisema. "Udongo wa mfinyanzi nao ni mchoyo, haupi mmea yote. Lakini siku nane unazifikisha."

Nyanjige akawageukia wenzake. "Nilisema, sikusema?"

Wakabeba jiko, wakavuka kwenda shambani kwa Milembe. Alikuwa anapalilia, wala hakuinua kichwa. Nyanjige akachota udongo wa juu, akaufinya. Donge. "Ni uleule!"

Constantine akazungusha keekee. Shubiri ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya pili ilitoka nyeupe.

Ulikuwa mchanga wenye vikokoto vya mviringo, mchanga wa mtoni kabisa. Nyanjige akaufinya, ukamponyoka katikati ya vidole.

"Umekosea mahali. Chimba pale."

Akachimba hatua tano mbele. Mchanga. Akachimba karibu na mpaka. Mchanga.

"Inaonekana mto ulipita hapa zamani, mayu," Constantine alisema kwa sauti ya chini. "Plau ya ng'ombe haifiki huko. Kwa kushika juu tu, hakuna ambaye angejua."

Kikaango kikapanda tena juu ya jiko la mkaa. Gramu mia tano zikatoka mia nne sitini na tatu.

"Thelathini na saba tu," Magese akasema. "Gashi! Kumbe mlitaka kunigawia mto!"

Hakuna aliyecheka.

"Hayo maji," Nyanjige aliuliza, "yanafika siku ya ngapi?"

"Ya nne. Jua likiwa kali, ya tatu."

Mwaka jana Nyanjige alimkamata wifi yake siku ya tano. Akakaa palepale juu ya tuta. Kile kiganja alikuwa amekifungua mapajani na anakitazama kama kitu alichookota njiani.

Milembe aliegemea jembe lake. "Nilikwambia. Nilikwambia, wifi, huku maji yanakimbia. Ukasema nimeota."

Nyanjige akainuka, akaenda nyumbani bila kumuaga mtu. Jikoni, kwenye msumari, ndoo ya bluu aliyomnyang'anya Milembe ilikuwa inaning'inia mwaka mzima. Hakuwahi kuitumia, hakuwahi kuirudisha. Akaitungua, akarudi nayo shambani, akaiweka miguuni mwa mwenyewe. Wote walikuwa bado pale, kikaango kinafuka moshi.

Milembe akachungulia ndani ya ndoo.

"Nyumbani kwetu umeolewa miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Hukuambiwa kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu?"

Ilikuwa siku ya tano ya zamu. Zilibaki siku tatu mashine iwashwe. Nyanjige akaokota ndoo, akashuka kwenye kisima walichochimba mchangani mtoni, akaijaza, akapanda nayo kichwani mbele ya kikundi kizima. Mtunga sheria mwenyewe! Mtu mmoja akashika mdomo. Akainama kwenye shina la kwanza, akamimina. Maji yakazama mara moja, pakawa kama hapakumwagwa kitu.

Akasimama akipatazama. Kisha akageuka, akashuka tena mtoni.