Mlango wa Shule Ulikuwa Sikio

Kuna mgeni mmoja anayekuja kwangu kujifunza Kiswahili chetu. Juzi aliniuliza shule za Wabelgiji zilipangwa namna gani, kalamu tayari mkononi. Haya, andika, mwanangu. Wavulana: miaka miwili ya mwanzo kwa Kiswahili, halafu mchujo. Waliofaulu walipelekwa darasa la wateule, wakapewa Kifaransa na njia ya kwenda bilo, kazi ya ofisini. Waliobaki walipata hesabu kidogo, na jembe katika bustani ya mapadri. Wasichana walikwenda kwa masista: sala na sindano. Umemaliza? Bado! Hujaandika mlango. Mlango ulikuwa sikio.

Karatasi za kuzaliwa hatukuwa nazo. Ulipitisha mkono wa kuume juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, umekua, ingia. Visipogusa, rudi nyumbani ungoje mwaka. Na mwaka huo mimi ningeubeba mgongoni kutwa nzima: mdogo wangu, mzito, hodari wa kukojoa. Nilimpenda, lakini jamani!

Nilipojipima nyumbani, nilikosa sikio kwa kidole kimoja tu. Kosa lilikuwa la nywele. Mama alinisuka kwa uzi mweusi, zimesimama wima kichwa kizima, na kila Jumapili wanawake wa kampi, kambi yetu ya wafanyakazi, walimsifu mlangoni mwa kanisa. Asubuhi ya kuandikisha, mama akiwa bombani, nilichukua wembe wa baba nikazimaliza zote. Nikajaribu tena. Sikio hili hapa! Gauni lilikuwa limejaa nywele, kwa hiyo nikavaa shati la kaka yangu nikatoka mbio.

Kwa masista hapakuwa na mstari wala kipimo. Wasichana walikuwa haba, kila aliyekuja aliandikwa tu. Nywele zangu za bure! Nilikaribia kulia. Sista akainua macho, akaona kipara na shati.

"Weye, hapa iko pa banamuke. Enda kule kwa bavulana!"

Nilifungua kinywa nimwambie. Nikautazama mstari wa wavulana waliokuwa wakipimwa sikio, nikakifunga.

Mwalimu wao alininyoosha shingo kwa kidole. "Usiinamishe kichwa! Aa, huyu iko mukubwa." Akaandika jina langu la nyumbani, ambalo hupewa mtoto yeyote, wa kiume au wa kike.

Niliporudi nyumbani, mama alipiga ukelele. Alikaa chini akaokota nywele zangu fungu moja moja, nami nikamweleza yote. Kesho yake alinishika mkono kunirudisha kwa masista. Njia zilipoachana alisimama.

"Kule bakukufundisha nini?"

"Kushona, mama."

"Na huku?"

"Kifaransa, kama ninafaulu."

Mama alikuwa ameshona tangu utoto wake. Aliniachia mkono. "Enda. Na ufunge kinywa."

Jumamosi iliyofuata aliniita uani, wembe na maji tayari. Alininyoa hivyo kila Jumamosi kwa miaka miwili, mpaka siku jina langu liliposomwa kati ya wateule. Na kila Jumapili wanawake wa kampi walimwuliza zile nywele nzuri zimekwenda wapi. Mama yangu, mwanamke msafi kuliko wote katika mstari wetu wa nyumba, aliwatazama usoni akajibu, "Chawa."